Babu aliyechangia uhuru wa Komoro, leo hataki kuusikia

Maswali ya wasomaji, anajibu mwalimu mstaafu wa historia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjukuu wa Mngazija, nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Babu yangu mzaa baba ana miaka 88. Alizaliwa Itsandra, akaletwa Unguja na mjomba wake angali mtoto, akasoma, akapata kazi ya ukarani. Mwaka 1968 alihamia Dar pamoja na bibi na watoto wawili. Kwa nini alihama, hasemi. Ukimuuliza atakujibu, "Kulikuwa na joto," kisha ataagiza kahawa.

Julai 2025 Visiwa vya Komoro vilitimiza miaka 50 ya uhuru. Sisi wajukuu tukaona tufanye shughuli nyumbani: pilau, picha za ukoo, na mimi nikaandaa hotuba fupi. Babu akagoma kutoka chumbani. Akasema, "Uhuru wa nani? Watu wa Maore walikataa, na wao ndio waliokuwa na akili." Maore ndiyo Mayotte, kisiwa kilichobaki na Ufaransa. Binamu yangu aliyeko Marseille alikuwa anafuatilia kwa simu. Akasikia, akapandisha. Mpaka leo kundi letu la WhatsApp limegawanyika, wengine wamejitoa.

Kinachonichanganya ni hiki. Tulipokuwa tunatafuta picha kwenye sanduku lake tulikuta kadi ya MOLINACO ya mwaka 1965, ina jina lake na mihuri ya michango. Baba anasema hicho kilikuwa chama cha kudai uhuru wa Komoro. Sasa, Babu alikuwa mpigania uhuru akageuka, au kadi ile aliichukua kwa kufuata mkumbo? Na nimuulizeje bila kumuudhi? Nataka kuandika habari zake angali na kumbukumbu.
Mjukuu, Ilala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza itunze hiyo kadi. Usiipeleke stesheneri wakaigandisha kwenye plastiki ya moto. Itie kwenye bahasha safi, ipige picha pande zote mbili, kisha mrudishie mwenyewe sandukuni mwake.

Baba yako amesema kweli. MOLINACO kilikuwa chama cha ukombozi wa Komoro, na kilizaliwa huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa Wangazija waishio Tanganyika na Zanzibar. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi ni Abdou Bakari Boina. Watu hushangaa wakisikia kwamba harakati za uhuru wa visiwa zilianzia nje ya visiwa, lakini tazama hali ilivyokuwa. Septemba 1958 Ufaransa iliyauliza makoloni yake kama yanataka kubaki nayo, na Komoro ikajibu ndiyo kwa kura nyingi mno. Wakubwa wa kule walikuwa wamekaa vizuri. Aliyekuwa na haraka ni kijana wa Kingazija wa Dar es Salaam, aliyeshuhudia bendera ya Tanganyika ikipanda Desemba 1961, akaona FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, inaundwa mji huo huo mwaka uliofuata, kisha Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake hapo hapo mwaka 1963. Kila jirani yake ana nchi au anaipigania. Yeye akiulizwa kwao wapi, anataja kisiwa cha Mfaransa. Mkumbo ulikuwepo, sikatai, ila mkumbo humfanya mtu achukue kadi. Mihuri ya michango ni fedha ya karani, tena mwenye watoto.

Sasa nikuombe jambo moja. Weka kando kwa muda swali la Babu alikuwa upande gani, uanze na swali la Babu alikuwa na karatasi gani mfukoni, mwaka kwa mwaka. Mtu aliyehama kwao kabla ya uhuru haoni uhuru kama tunavyouona sisi tuliozaliwa bendera ikiwa juu. Huuona kupitia afisa wa dirishani: mwaka huu ameambiwa yeye ni nani, na mwaka ule ameambiwa si nani.

Ukipiga hesabu, Babu alizaliwa yapata 1937. Mei 1946 Ufaransa ilipitisha sheria iliyowapa wenyeji wa makoloni yake uraia wa Kifaransa. Basi mtoto wa miaka tisa wa Itsandra, ambaye labda hajawahi kuongea na Mfaransa, akawa raia wa Ufaransa. Akafika Unguja, nchi ya Sultani chini ya hifadhi ya Mwingereza. Wangazija wa Unguja walikuwa na chama chao na skuli yao, walikuwa makarani, walimu, polisi, wapishi wa mabalozi, na masheikh wakubwa. Sheikh Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa huko huko Itsandra. Lakini walikuwa watu wa katikati. Konseli wa Ufaransa anawahesabu wake, Mwingereza hajui awaweke fungu gani, na wenyeji wenzao wanawaona ni wa hapa pindi mambo yakiwa mazuri.

Ndipo tunapofika 1968, na hapo nataka usome polepole. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wangazija wengi bado walikuwa kwenye ofisi za serikali. Mwaka 1968 serikali ya Rais Abeid Amani Karume ikatangaza kwamba Wangazija si raia wa Zanzibar, na anayetaka uraia auombe. Waliozaliwa pale, waliozikiana pale, wakajikuta wageni. Wengi walipoteza kazi za serikali. Wengine walivuka kuja bara, wengine wakaenda Ngazija wasikowahi kufika. Sijui yaliyompata babu yako, ila mwaka naujua, na "joto" analolitaja halikuwa la jua.

Kwa hiyo linganisha tarehe. Kadi ni ya 1965, kuhama ni 1968. Miaka mitatu baada ya kuichangia nchi ambayo haijazaliwa, nchi aliyokuwa akiishi ikamwambia si wake. Nadhani katika miaka ile hakuna mtu aliyeuhitaji uhuru wa Komoro kuliko karani wa Kingazija asiye na kazi. Wazee wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, waliutaka kwa siasa. Yeye aliutaka ili awe na mahali pa kujaza kwenye fomu.

Kisha uhuru ukaja, na jinsi ulivyokuja ni habari nyingine. Kura ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla ya visiwa vyote, watu karibu 95 katika kila 100 walisema ndiyo. Maore peke yake zaidi ya asilimia 63 walisema hapana. Ufaransa ikasema itahesabu kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, akachoka kungoja, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 pasipo ridhaa ya Paris. Tarehe 3 Agosti akapinduliwa. Haukufika mwezi, mwanangu! Miongoni mwa waliowasaidia wapinduzi alikuwemo mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, ambaye mwaka 1978 alirudi akampindua Ali Soilih, aliyekuwa rais wakati huo, na kumrudisha Abdallah yule yule.

Katikati hapo pana mambo mawili ambayo kwa mtu wa ughaibuni yalikuwa mazito kuliko mapinduzi yenyewe. La kwanza ni Majunga, Desemba 1976: Wakomoro zaidi ya elfu moja waliuawa katika mji huo wa Madagaska, na maelfu wakarudishwa visiwani kwa ndege za Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, wakabaki wanaitwa "Sabena" maisha yao yote. Kila Mngazija aliyekuwa Dar, Unguja au Mombasa alijiuliza, na sisi je? La pili ni kwamba serikali ya Soilih, katika kufuta ukoloni, iliyachoma moto majalada ya utawala wa Kifaransa. Waza mtu aliyeko Dar, kanyimwa uraia kwa sababu ni wa huko, naye anasikia kwamba huko karatasi zinachomwa.

Ukifika hapo, kauli yake kuhusu Maore inaanza kueleweka, hata kama hukubaliani nayo. Mimi sikubaliani nayo. Ila tusimwekee maneno mdomoni kwamba anaipenda Ufaransa. Watu wa Maore nao hawakusema hapana kwa mapenzi matupu. Makao makuu ya koloni yalikuwa Dzaoudzi, kwao. Yakahamishiwa Moroni, na kazi na fedha zikaenda nayo. Wanawake ndio waliobaki na njaa, na ndio waliosimama mbele. Wakiongozwa na Zéna M'Déré, waliwazingira viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wapande boti warudi. Kutekenya, ndiyo, polisi atamkamata nani, na kwa kosa gani? Februari 1976 waliulizwa tena, wakasema wabaki na Ufaransa kwa asilimia 99. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Tangu 1995 Mkomoro wa visiwa vingine hatii mguu pale bila visa, na wengi wamezama baharini kwenye kwasa-kwasa, yaani boti ndogo, wakitokea kisiwa cha Nzwani (Anjouan), safari ya kilomita 70 tu au pungufu. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore Desemba 2024, waliokuwa kwenye mabanda ya mabati walikuwa kwa wingi ndugu zao hao hao wasio na karatasi. Babu yako anatazama habari. Neno lake kuhusu "akili" huenda ni hasira ya mtu aliyechangia, wala si sifa kwa aliyekataa.

Kuhusu binamu wa Marseille, mwambie apoe. Kama ana pasipoti ya Ufaransa, kama walivyo wengi pale, basi anaushangilia uhuru akiwa na ile karatasi ambayo watu wanaifia baharini. Si dhambi. Lakini hana haki ya kumpandishia mzee.

Sasa namna ya kumuuliza. Usimwite mbele ya watu, na simu ya kundi izime. Nenda asubuhi, akishamaliza kahawa, mkiwa wawili. Usiseme neno uhuru kabisa siku ya kwanza. Muulize alikuja Unguja kwa chombo gani, na nani alimwandikia barua ya safari. Muulize nani alikuwa anagonga ile mihuri, walikuwa wanakutana nyumba ya nani, na kama wake zao walikuwa wanajua. Siku nyingine muulize tarehe 6 Julai 1975 alikuwa wapi, habari aliipata kwa nani, na alikula nini. Mama mkwe wangu, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Mitsamiouli. Nilipomuuliza habari za 1975, alinieleza kwa nusu saa juu ya kitambaa alichokuwa amemnunulia dada yake kwa ajili ya harusi, na jinsi asivyompata mtu wa kumpelekea kwa sababu kila msafiri alikuwa anaogopa. Katika nusu saa hiyo nilipata bei, majina ya vyombo, nani aliogopa nini, na nani alifaidika. Vitabu vyangu vya kufundishia havikuwa na hayo.

Na liko swali moja ambalo ningeliweka mwisho, ukishaona ameachia moyo: je, alifanya anda? Wewe umekulia Dar, pengine huujui uzito wake. Kwa Mngazija, ile harusi kubwa ya kijijini ndiyo inayompa mwanamume sauti. Asiyeifanya, hata awe na mvi kichwa kizima, barazani ni kijana. Hukaa nyuma na kusikiliza. Walio nje huweka akiba miaka mingi waende kuilipia. Soilih aliipiga marufuku anda, ikarudi baada yake ikiwa ghali zaidi. Kama babu yako alifukuzwa ofisini 1968 na kuanza upya Dar na watoto wawili, hesabu mwenyewe kama aliweza. Yawezekana kilichomzuia kutoka chumbani siku ile ni wewe mjukuu kusimama kuhutubia habari za kwao, yeye ambaye kwao hajawahi kupewa nafasi ya kuhutubia. Yawezekana si hivyo. Ndiyo maana nasema muulize mwisho, na akinyamaza, nyamaza naye.

Ukihitaji maandishi ya kupanga tarehe, anzia Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Majalada ya enzi ya Mwingereza yanawataja Wangazija mara nyingi. Moroni kuna kituo cha nyaraka na utafiti kiitwacho CNDRS, chenye makumbusho ndani yake. Mafaili ya kikoloni ya Ufaransa yako Aix-en-Provence, mwendo mfupi kutoka Marseille. Hiyo kazi mpe binamu. Itampunguzia kelele.

Ukirekodi, mwombe ruhusa, na usirushe sauti yake kwenye kundi. Kama atasema jambo kuhusu 1968 kisha akajuta, lifute mbele yake.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Bibi yangu ni mtu wa Nzwani, sisi tumezaliwa Mombasa. Anashikilia kwamba kisiwa chao kiliwahi kujitenga na Komoro, kikapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba kitawaliwe tena. Kaka yangu anasema bibi anachanganya na mambo ya Maore kwa sababu ya uzee. Nani mkweli?
Msomaji wa kike, Mombasa

JIBU: Bibi. Mwambie kaka yako aombe radhi.

Mwaka 1997 Nzwani ilichemka. Mishahara ya serikali ilikuwa haijalipwa miezi mingi, na kutoka ufuoni kwao usiku mzuri unaiona Maore yenye hospitali na mishahara. Watu wakapandisha bendera ya Ufaransa, na tarehe 3 Agosti wakatangaza kujitenga. Ufaransa ikakataa kuwapokea. Hebu fikiria aibu ya kurudi kwa aliyekutawala naye akakufungia mlango. Moroni ilituma askari, wakashindwa. Ilichukua mpaka mapatano ya Fomboni, Februari 2001, kupata muungano mpya uliokipa kila kisiwa madaraka yake na urais wa kuzunguka.

Haikuishia hapo. Mohamed Bacar aliyekuwa anatawala kisiwani akakataa kuachia ngazi, na tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yakatua Nzwani kumwondoa. Wengi walikuwa Watanzania na Wasudani. Rais Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja huo mwaka ule. Bacar akakimbia kwa boti, na bibi yako atakuambia alikimbilia wapi: Maore. Muulize pia alijisikiaje kusikia askari wa Kiswahili wameingia kijijini kwao. Majibu niliyowahi kuyapata kwa watu wa Nzwani ni mawili tofauti kabisa, na yote yalitolewa kwa machozi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu bibi mzaa mama aliacha nyumba kijijini Ngazija, na mama naye ameshafariki. Kaka zangu wawili, tuko wote Tanga, wanataka iuzwe tugawane kisheria, wao sehemu mbili mbili na mimi moja. Mama mdogo anayeishi kule anasema nyumba ile ni ya wanawake na haiuziki. Kaka zangu wanamwona anataka kutudhulumu.
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba. Mama mdogo hakuitunga hiyo. Ngazija kuna mali ya ukoo inayoitwa manyahuli, nayo hupita kwa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, kwenye nyumba aliyojengewa binti na watu wa kwao. Wanaume wa ukoo, hasa mjomba mkubwa, huilinda mali hiyo, lakini hawaigawi. Mila hii imekaa bega kwa bega na Uislamu kwa karne nyingi, na masheikh wamebishana juu yake kwa muda huo huo, kwa hiyo kaka zako hawatakuwa wa kwanza kuleta hoja ya mirathi.

Yote yanategemea asili ya kiwanja. Kama bibi alikinunua kwa fedha yake, au alipewa na mumewe, hoja ya kaka zako ina miguu. Kama kilitoka kwa mama yake, naye kwa mama yake, basi ni manyahuli, na mnunuzi yeyote wa kijijini mwenye akili atakataa kukigusa. Usilimalize jambo hili kwa simu. Mwombe mama mdogo aulize wazee wa upande wa kikeni kiwanja kilitoka mkononi mwa nani, aandike majina, na mlipeleke kwa kadhi wa kule pamoja na kaka mmoja akiwa amesafiri. Nauli wachange wao wenyewe wanaotaka kuuza.

Na kama itathibitika ni manyahuli, binti wa marehemu mama yako ni wewe. Jiulize kama uko tayari kulitunza paa lake.